Boila Imepoa?

Printa ilianza kuchapa yenyewe mchana kweupe, Masinde akiwa hajagusa kitu. Karatasi zilitoka tupu, ila juu ya kila moja palikuwa na jina la aliyeagiza ichapwe: SHIKANGA. Chumba cha kompyuta cha kiwanda kile cha sukari karibu na Butali kikanuka molasi iliyoungua, na nyama.

"Ni jini," wenzake walinong'ona, wakakimbilia nje.

Masinde alimjua. Shikanga, fundi wa boila, alikuwa kaka wa mkewe Pascalia. Siku aliyokufa alipiga simu kabla ya kuingia kusafisha: "Shemeji, boila imepoa? Niingie?" Masinde alitakiwa kuchapisha vipimo vipya vya joto la boila. Uvivu, laana yake! Alinakili vipimo vya usafishaji wa wiki iliyotangulia, akabadilisha tarehe, akajibu, "Imepoa. Ingia tu." Mvuke ukammaliza. Matangani Masinde alilia kuliko wafiwa, na hakuna aliyemuuliza neno.

Pasta Nehemiah akaletwa. Alipoigusa printa, aliondoa mkono haraka. "Ndugu Masinde," akasema kwa sauti ya chini, "kuna kitu unajua juu ya hii roho?"

"Sijui kitu, Pasta."

Pasta akaomba, akakemea mpaka sauti ikamkauka. Printa ikanyamaza. Masinde akaenda nyumbani mwepesi, akijichukia kwa wepesi huo.

Jioni, uani, Pascalia alikuwa amemimina maji ya kuoga kwenye karai, bado hajayachanganya na ya baridi, na Mitchel, binti yao wa miaka minne, alikuwa amesimama kando yake katikati ya mvuke, mguu mmoja umeinuliwa juu ya maji, macho yamemkazia baba yake, na harufu ile ya molasi ikapanda kutoka karaini, na kinywa cha mtoto kikafunguka, ikatoka sauti nzito ya mwanaume:

"Shemeji, boila imepoa? Niingie?"

Kata ikamponyoka Pascalia. "Baba Mitchel, hiyo si ni sauti ya Shikanga?"

Masinde alitaka kumrukia mtoto, miguu ikakataa. Mguu mdogo ukaanza kushuka.

"Usiingie!" akapiga kelele. "Haijapoa! Sikupima, Shikanga! Nilinakili vipimo vya wiki iliyotangulia, nikakudanganya!"

Mguu ukarudi chini. Mitchel akaangua kilio, kwa sauti yake mwenyewe.

"Alikuuliza," Pascalia alisema polepole. "Ndugu yangu alikuuliza."

Harufu ya molasi iliisha kabisa. Pascalia akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kwao Malava.