Komeo la Nje

Msichana alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni. Mkono wake wa kulia ulinyooka mpaka kizingitini. Nyuma yake, katikati ya chumba, lilikuwepo jiko la mkaa lililojaa majivu.

Inspekta Zuleha Athuman alisimama nje kwa muda kabla ya kuingia. Mvua ya Aprili ilikuwa imekatika asubuhi, na udongo mwekundu wa uani ulishakanyagwa na majirani waliokuja kushangaa.

"Ni jiko tu, afande," alisema Koplo Tharsisi, kijana wa Kiha aliyezaliwa hapahapa Kasulu. "Kila masika tunaokota mmoja. Baridi inawabana, wanaingiza jiko ndani na kufunga kila tundu. Hata dirisha ameliziba kwa gunia."

"Anaitwa nani?"

"Irakoze Niyitegeka. Miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Kwao ni kijijini Kagerankanda. Alipanga hapa ili awe karibu na shule."

Zuleha alichuchumaa. Kucha za marehemu zilikuwa na chembe za rangi ya buluu, na mlango ulipakwa rangi ya buluu. Kwa upande wa ndani, chini kabisa, rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka mbao ikaonekana nyeupe.

"Mtu anayekufa usingizini hakwangui mlango," alisema.

"Labda aliamka akiwa hana nguvu, akashindwa kufungua."

"Kufungua nini? Ndani hakuna kitasa wala komeo. Angeusukuma tu."

Koplo aliutazama mlango upya.

Zuleha alitoka akakagua komeo la nje. Lilikuwa bapa la chuma linaloangukia kwenye pete ya kutilia kufuli. Kufuli lenyewe halikuwepo. Ila ndani ya pete, pale mbao ilipovimba kwa maji, kilikuwa kimebanwa kipande cha plastiki ya njano kisichofika hata ukucha. Alikitoa kwa koleo ndogo, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo.

"Funga eneo, Tharsisi. Huyu alifungiwa."

*

Mwenye nyumba, Mama Ntirampeba, aliketi juu ya kinu kilicholazwa, khanga imefunika mdomo. Ndiye aliyeuona mwili mchana ule.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Msibani, Kasanda. Nimeondoka Alhamisi, nimerudi leo Jumamosi. Nikaona mlango umerudishiwa. Nikaita, kimya. Nikavuta."

"Komeo lilikuwa limefungwa?"

"Hapana. Lilikuwa linaning'inia."

"Nani alijua kwamba hutakuwepo?"

"Mtaa mzima ulijua. Msiba hausafiriwi kwa siri, mwanangu."

"Umewahi kugombana naye?"

"Mtoto yule alikuwa ananichotea maji bila kuombwa. Kama mnatafuta wa kumbebesha, msije kwangu."

Zuleha hakumwamini wala hakumkatalia. Ilikuwa desturi yake. Siku ya kwanza aliwaacha watu wote ndani ya wavu.

Jioni daktari wa hospitali alimpa majibu. Marehemu aliuawa na hewa yenye sumu itokayo kwenye mkaa. Hakukuwa na jeraha jingine wala dalili ya kuingiliwa. Alikata roho usiku wa kuamkia Jumamosi.

"Angepiga kelele?"

"Huenda alipiga, mwanzoni. Lakini kwa mvua ile juu ya mabati, hata ngoma usingeisikia."

*

Jumatatu Zuleha alikwenda shuleni. Mwalimu Omary, makamu wa mkuu wa shule, alimpokea kwa macho mekundu.

"Jumamosi alfajiri tulikuwa na safari ya Kibondo," alieleza. "Kuna shule ya bweni ya wasichana kule, ya sayansi. Walitupa nafasi moja. Waliopita mchujo walikuwa wawili, Irakoze na Asmahani. Walikuwa waende kwenye mtihani wa mwisho."

"Irakoze hakutokea."

"Hakutokea. Tukamsubiri, dereva akaanza kulalamika kwamba barabara ina matope. Asmahani alitaka kumfuata kwa miguu. Nikamkatalia. Nilisema aliyelala amelala." Mwalimu aligeukia dirisha. "Nilisema hivyo."

"Kwa hiyo Asmahani alifanya mtihani peke yake. Ni mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Mansuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni."

"Walikuwa wanaelewana?"

Mwalimu alirudishia mlango wa ofisi. "Hapa watoto wana makundi, afande. Kuna wa mjini, wa maduka, na kuna wa mashambani, hasa hawa ambao wazazi wao walitoka Burundi. Wana uraia, wamezaliwa hapa, lakini wenzao bado wanawaita wakimbizi. Wiki iliyopita palikuwa na ugomvi bombani. Kundi la Asmahani lilimmwagia Irakoze ndoo."

"Asmahani mwenyewe?"

"Alikuwepo. Nani alishika ndoo, hakuna anayesema."

Asmahani aliingia ofisini akiwa amejitanda ushungi mweupe. Alikuwa msichana mrefu, mtulivu kupita kiasi. Mwalimu wa malezi aliketi pembeni yake.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?" aliuliza Zuleha.

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Baba, mama, na Immakulata. Immakulata alilala kwetu. Hakutoka kabisa."

"Immakulata ni nani?"

"Immakulata Manirambona. Rafiki yangu, tuko darasa moja."

"Irakoze ulimchukia?"

"Hapana."

"Mlimmwagia ndoo."

"Sikumwagia mimi." Macho yake yalishuka. "Wala sikuzuia."

Alipotoka, Zuleha alibaki akiigeuzageuza kalamu. Alikuwa amemuuliza binti yule habari zake mwenyewe, naye akamtetea mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Kwa nini?

*

Mzee Mansuri alimkaribisha kwa heshima zote, lakini hakumpisha mlangoni.

"Inspekta, wewe ni mtu wa Ujiji, ni kama dada yetu. Mtoto amekufa kwa moshi. Ni kudra. Mbona unazunguka kwenye nyumba za watu?"

"Nataka kuongea na mama Asmahani tu, mzee."

"Mke wangu hajui lolote."

"Basi hatachelewa kunijibu."

Mke wake alikuwa ameshatokea nyuma ya pazia.

"Ijumaa mlikuwa na mgeni, mama? Immakulata?"

"Immakulata hakuja Ijumaa," alijibu kwa uwazi. "Nilimwekea wali wake, maana hapa ni kwao. Asmahani akaniambia mwenzake anaumwa kichwa. Ule wali tuliula kesho yake."

"Na Asmahani alitoka?"

Mama alimtazama mumewe. Mansuri alikuwa anatazama sakafu.

"Alitoka magharibi kidogo," alisema hatimaye. "Alisema anakwenda kuazima kitabu. Alirudi amelowa."

Njiani Koplo Tharsisi alishindwa kujizuia. "Tumemaliza, afande. Ana sababu, ametoka jioni hiyohiyo, na amedanganya. Mtoto wa tajiri hakutaka kushindwa na mtoto wa mkimbizi."

"Inawezekana," alisema Zuleha. "Kamlete, na wazazi wake. Mwite na afisa ustawi wa jamii."

*

Kituoni Asmahani aliketi kati ya baba yake na afisa ustawi. Zuleha alimsomea haki zake taratibu, kisha akauliza.

"Ijumaa ulikwenda wapi?"

Asmahani alivuta ushungi mbele ya uso.

"Mama yako amesema Immakulata hakulala kwenu."

Kisha msichana akainua uso. "Ni mimi."

"Asmahani," alisema baba yake.

"Ni mimi, baba. Nilimfungia Irakoze ili asiwahi gari. Sikujua kama ana jiko ndani."

Mansuri alijishika kichwa kwa mikono miwili. Koplo alianza kuandika haraka.

"Ulifungaje?" aliuliza Zuleha.

"Kwa kufuli."

"Kufuli gani?"

"La dukani kwetu. Nililichukua jioni."

"Ukafungua saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi? Mwalimu Omary anasema alfajiri ulikuwa kwenye gari, ukaomba umfuate Irakoze. Kutoka hapo mlikwenda Kibondo, mkarudi alasiri. Mama Ntirampeba alikuta komeo linaning'inia mchana."

Asmahani alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Wala halikuwa kufuli," aliendelea Zuleha. "Unamfichia mtu. Nitakuuliza jambo moja dogo. Nywele zako nani anakusuka?"

Msichana alishtuka, mkono ukaenda kwenye ushungi. Machozi yalianza kumtoka bila sauti.

"Mwanangu," Mansuri alisema kwa sauti ya chini, "sema. Usiibebe maiti ya mtu mwingine."

"Amenisuka Immakulata," alisema Asmahani. "Anatusuka sote."

Zuleha aliweka mezani ile bahasha. Kipande cha njano kilionekana kupitia nailoni. Kilikuwa ncha ya mkia wa kitana, ule wanaotumia wasusi kugawia nywele.

*

Immakulata walimkuta darasani. Hakukimbia wala hakuuliza anaitiwa nini. Ndani ya mkoba wake kilikuwemo kitana cha njano, mkia umekatika ncha. Kituoni Zuleha alikiunganisha na kile kipande mbele ya afisa ustawi, kwa kuwa wazazi wa binti walikuwa hawajapatikana. Vikashikana kama jino na ufizi.

Alikuwa mdogo wa umbo, sare imepigwa pasi vizuri. Alizungumza Kiswahili cha mjini, kile cha redioni.

"Unatoka wapi, Immakulata?"

"Hapahapa Kasulu."

"Nimesoma kumbukumbu za shule. Unatoka Kagerankanda."

Binti alikodolea ukuta macho.

"Ulimjua Irakoze tangu lini?"

"Tangu utotoni. Baba zetu wamepakana mashamba. Tulikaa dawati moja shule ya msingi."

"Kwa hiyo alikuwa rafiki yako."

"Alikuwa."

"Nini kilibadilika?"

Alilainisha sare yake magotini.

"Hapa shule nilipoingia hakuna aliyejua," alisema. "Asmahani alinichukua, nikawa nakula kwao, nakaa nao. Hakuna aliyeniita mkimbizi. Halafu Irakoze akahamia kutoka shule ya kata. Kila akiniona ananisalimia kwa Kirundi, kwa sauti, mbele ya watu. *Amahoro*, Imma. Nikimkimbia, ananifuata. Wasichana wakaanza kucheka. Wakaniuliza, kumbe na wewe?"

"Ndoo bombani alimwaga nani?"

"Mimi. Waliniambia nioneshe niko upande gani."

Kalamu ya Tharsisi ilisimama.

"Na Ijumaa?"

"Asmahani alisema, ningekuwa na akili za Irakoze nisingelala kwa wasiwasi. Alisema hivyo tu. Nikawaza, Irakoze akichelewa gari, Asmahani atapata nafasi, na atajua nani alimsaidia. Nikaenda mvua ilipoanza. Alikuwa ndani anaimba. Nikashusha komeo, nikachomeka kitana."

"Alikusikia?"

"Aliuliza, ni nani? Sikujibu. Akaita jina langu. Sijui alijuaje. Akaita, Imma, ni wewe? Nikaondoka."

"Jumamosi ulirudi."

"Gari lilipokwisha kuondoka. Kitana kilikwama, mbao ilikuwa imevimba. Nilivuta mpaka ncha ikakatika. Nikaita. Nikadhani amenikasirikia. Nikakimbia kabla hajatoka."

"Hukufungua kutazama?"

"Niliona aibu kumtazama."

Afisa ustawi aliondoa miwani akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Asmahani ulimwambia lini?"

"Aliporudi Kibondo. Alilia sana. Akasema nisiongee, yeye ndiye atakayeongea, maana ana baba wa kumtetea."

Zuleha alimsomea maelezo yake, naye akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa mtoto aliyefundishwa vyema. Shtaka la kwanza litakuwa kuua bila kukusudia. Mengine angeamua mwanasheria wa serikali.

Walipompitisha ukumbini, Asmahani alikuwa bado amekaa na baba yake. Alisimama.

"Ijumaa nilikwenda kumtafuta Irakoze," alisema. "Nilitaka kumwomba radhi kwa ile ndoo. Mvua ikanirudisha njiani. Na Kibondo sikujibu swali hata moja, Imma. Niliacha karatasi nyeupe. Nafasi ile aliitaka baba, mimi sikuitaka. Mbona hukuniuliza?"

Immakulata alimtazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Kisha akaketi sakafuni, na Tharsisi akainama kumwinua.

*

Nje, kwenye benchi la kituo, wazee wawili walikuwa wamekaa begani kwa bega. Mmoja alishika kofia magotini. Mwingine alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

"Mzee Niyitegeka?" aliuliza Zuleha.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kumchukua mwanangu. Waliniambia nisubiri karatasi ya daktari."

"Na wewe, baba?"

"Manirambona," alijibu yule mwingine. "Ni jirani yangu. Sikutaka aje peke yake. Na binti yangu anasoma hapa mjini, nilitaka nimwone pia, maana walikuwa kama mapacha."

Zuleha alikuwa na miaka mingi kazini, na bado hakujua namna nyepesi ya kulisema jambo lile. Aliketi mwisho wa benchi akawaeleza yote, bila kupamba.

Manirambona aliondoa mkono wake mgongoni mwa mwenzake polepole, akauweka gotini. Aliutazama kana kwamba si wake.

Niyitegeka hakulia. Aliuliza neno moja tu. "Aliita msaada?"

"Aliita jina la rafiki yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alisimama, akavaa kofia. Manirambona naye akataka kusimama, lakini mwenzake alimzuia kwa kiganja, bila kumgusa.

"Tumekuja pamoja," alisema Niyitegeka. "Kurudi, kila mtu na njia yake."

Akateremka ngazi kuelekea hospitali. Koplo Tharsisi alitoka mbio akamfuata, akatembea kando yake.

Manirambona alibaki kwenye benchi mpaka mwenzake alipopotea nyuma ya maduka.

"Naruhusiwa kumwona?" aliuliza.

"Ni mwanao," alisema Zuleha, akamfungulia mlango.