Mapazia Yaliyofika Bungeni

Kila asubuhi, baada ya sala yake, Mama Pindo alifungua dirisha, akatia mafuta cherehani, akaanza kazi. Alikuwa mjane. Watu walimpa jina la Pindo kwa sababu nguo aliyoipinda yeye haikufumuka. Aliishi na mwanawe, fundi bomba, pamoja na mkamwana wake, yaani mke wa huyo mwanawe. Mkamwana alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mkamwana aliogopa, na alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, juu ya pikipiki, hospitali ikiwa bado mbali. Safari hii macho ya nyumba nzima yalikuwa kwenye zahanati mpya, pale mwisho wa mtaa. Ilikuwa na bati jekundu. Ilikuwa na chumba cha kujifungulia. Ilikuwa pia na kufuli kubwa mlangoni, huu mwaka wa pili.

"Mama, watafungua kabla siku zangu hazijafika?" mkamwana aliuliza.

"Mungu anajua, mwanangu. Mwenye ufunguo naye anajua, ila hasemi."

Siku hiyo jirani yao aliingia mbio na redio mkononi. Jina lake la mtaani lilikuwa Karani. Kwa miaka thelathini alipiga chapa maneno ya wabunge, mpaka akastaafu. Aliwahi kuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Pindo, kwa hiyo walikuwa wakiitana shemeji na kutaniana.

"Shemeji, simamisha hicho chuma chako! Zahanati yetu inasemwa Bungeni!"

Redioni alisikika mbunge wao, mama wa chama cha upinzani. Watu walimwita Bi Swali. Aliuliza kwa ufupi: zahanati ile itafunguliwa lini?

Naibu waziri akasimama kujibu. "Mheshimiwa Spika, zahanati hiyo inafanya kazi. Ilikaguliwa mwezi wa tatu. Ina vitanda, ina mashuka, ina mapazia. Picha ninazo hapa."

Wabunge wa serikali wakapiga meza kwa furaha.

"Basi nikajifungulie ndani ya picha," mkamwana akasema.

Karani alicheka. Mama Pindo hakucheka. Mashuka na mapazia!

Alikumbuka ule mwezi wa tatu. Mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Kesho tuna wageni wakubwa pale zahanati. Mtaa usiaibike." Wanawake hawakuuliza mara mbili. Mgeni hapokelewi penye vumbi. Mwenyekiti akatoa ufunguo, wao wakafagia na kupiga deki. Wawili walileta vitanda, mwingine viti. Mama Pindo alitoa mashuka ya wateja wake, na mapazia akayashusha kwenye dirisha lake mwenyewe. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda. Jioni kila mtu alibeba chake, na kufuli likarudi. Wanawake wakapongezana. "Leo tumeustiri mtaa!"

Sasa alielewa walichokistiri.

Hata hivyo alinyamaza. Siku mbili baadaye Bi Swali alifika mtaani na msaidizi wake, kijana wa suti. Mama Pindo aliwatazama kupitia dirishani. Wanasiasa aliwajua. Wakati wa kampeni wanakuita mama, wakishapita, hawakujui.

"Hodi, mama."

"Karibu hapo hapo mlangoni."

Bi Swali alikaa kwenye ngazi bila kinyongo. Akatoa karatasi yenye picha. "Hizi ndizo alizoonyesha naibu waziri. Sielewi. Mimi nimefika pale, nimekuta kufuli. Nani alitia vitanda?"

Mama Pindo aliangalia picha. Pindo la pazia lilianza kwa uzi wa buluu, likaishia kwa uzi wa njano, kwa sababu siku ile uzi ulimwishia. Asingeweza kukosea kazi ya mkono wake. Lakini kwanza akauliza, "Mheshimiwa, wewe unapata nini katika hili?"

"Kura, mama. Nikifanya kazi vizuri nataka watu wanipigie. Sikufichi."

"Afadhali. Ungesema unatupenda, ningefunga mlango."

Karani, ambaye alishasogea karibu, alikohoa kuficha kicheko.

"Shemeji," Mama Pindo akamwambia, "wewe umekaa nao miaka. Nikisema, nimejiunga na chama chake?"

"La hasha. Huyu ni mbunge wa wote, waliompigia na waliomnyima. Na upinzani hauko pale kutukana. Kazi yake ni kuikagua serikali kwa niaba yetu. Anauliza, na waziri analazimika kujibu. Kila neno linaandikwa na kuhifadhiwa. Jibu likiwa si kweli, mbunge anaweza kurudi na ushahidi. Lakini ushahidi hauokotwi Bungeni. Uko huku kwetu."

"Ushahidi gani?"

"Ulichokiona kwa macho yako. Mahali, tarehe, jina lako, sahihi yako. Na nakala unabaki nayo."

Basi Mama Pindo akasimulia yale ya mwezi wa tatu. Alipomaliza, msaidizi alikuwa ameshaandika barua kwenye karatasi. "Mama, weka sahihi hapa tu, tuna haraka."

"Mwenye haraka atangulie." Mama Pindo alivaa miwani, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Kidole kikasimama. "Hapa umeandika waziri ni mwizi. Mimi nilimwona wapi akiiba?"

"Ni kukoleza tu, mama."

"Chumvi weka kwenye mboga yako. Mimi nimeona mapazia. Wizi sijauona."

Bi Swali aliichukua ile barua na kuichana vipande viwili. "Mama amesema kweli. Neno moja la uongo likiingia humu, watalishika hilo na kuacha mengine yote." Akamtazama msaidizi wake mpaka kijana akainamisha kichwa.

Mama Pindo aliandika barua mwenyewe. Aliandika kwamba mapazia na mashuka yalikuwa yake, na kwamba yeye na wenzake waliyapeleka kwa hiari. Sehemu hiyo ilimchoma, lakini aliiandika.

Jioni habari zilimfikia mwenyekiti, akaja juu. "Mama Pindo! Unatuvua nguo mbele ya nchi nzima?"

"Mwezi wa tatu tulificha aibu, mwenyekiti, tukaficha na shida yetu humo humo. Nitamzika mjukuu mwingine ili mtaa uonekane msafi?"

Mwenyekiti akaondoka. Usingizi haukumjia Mama Pindo kirahisi. Vipi kama barua itaishia kabatini?

Haikuishia kabatini. Wiki iliyofuata Bi Swali alisoma barua Bungeni, akaambatanisha picha ya dirisha la Mama Pindo lenye mapazia yale yale. Hakumtukana mtu. Safari hii meza hazikupigwa. Naibu waziri alisema kwamba taarifa aliyopewa haikuwa sahihi, na akaomba kumbukumbu za Bunge zirekebishwe. Akaahidi kutuma wakaguzi bila kutoa taarifa.

Wakaguzi walikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Wanawake walipoona gari, mmoja alikimbilia ufagio.

"Weka chini!" Mama Pindo alimzuia mlangoni. "Waache wasalimiane na buibui."

"Lakini ni wageni, dada!"

"Hawa hawakuja kutembea. Wamekuja kazini."

Wakaguzi walikuta vumbi, vyumba vitupu na bomba lisilo na maji. Waliandika kila kitu. Mama Pindo alisimama karibu nao mpaka mwisho, akihakikisha hawaruki chumba.

Wiki tano zilipita. Kwanza vililetwa vitanda vya serikali, kisha dawa. Mwanawe aliitwa kurekebisha bomba. Mwisho akaja muuguzi mkunga, na kufuli likatoka. Hapakuwa na sherehe. Bi Swali hakualikwa, naye hakuja kujitapa. Alituma ujumbe mfupi kwa Karani: "Dawa zikiisha, niandikieni."

Siku ya tisa baada ya kufunguliwa, uchungu ulimshika mkamwana. Alitembea kwa miguu yake hadi zahanati, ameshikwa mkono na mkwewe. Kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike alilia kwa nguvu mpaka Karani akamsikia akiwa nje.

"Shemeji, huyo ni mbunge kamili!" akapiga kelele dirishani.

Mama Pindo alimpokea mjukuu wake, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa muda mrefu. Kisha akafumbua macho, akamgeukia muuguzi.

"Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki. Sasa nifungulie lile kabati la dawa, nione kilichobaki."