Jumanne Alinikana, Jumamosi Akaja Kuniposa

— Monsieur Kalenga, huyu mwanafunzi ni nani kwako?

Madame Vercruysse, mkuu wa kozi za kiangazi pale chuoni kwetu, aliuliza kwa Kifaransa, polepole, bila kupepesa macho. Nilikuwa nimekaa kando ya mwanaume ambaye Jumapili tu alikula pondu, kisamvu chetu, kwa mama yangu mkubwa mtaani Etterbeek, huku ughaibuni, akaomba aongezewe.

— Si mtu wangu, Madame. Ni mwanafunzi tu. Ukweli ni kwamba ananifuatafuata. Nilimwonea huruma kwa kuwa tunatoka nchi moja.

Nilimtazama ule mdomo.

Ngoja niwaeleze. Naitwa Rolande. Asubuhi nawaogesha wazee katika nyumba yao ya kutunziwa huko Molenbeek, jioni nasomea uuguzi. Mwaka huu somo la takwimu lilinishinda, na bila hilo nafasi yangu ya mwaka wa mwisho ingepotea. Ikabidi nilirudie kiangazi, muhula mzima ukishindiliwa ndani ya wiki chache. Mwalimu aliyepangiwa kozi hiyo ni Kalenga, mchumba wangu.

Kanuni ya kozi za kiangazi iko wazi. Mwalimu mwenye ndugu au mchumba darasani aseme siku ya kwanza, halafu mtihani wa mtu huyo usahihishwe na mwalimu mwingine. Basi. Hafukuzwi mtu. Nilimkumbusha mapema kabisa.

— Kalenga, uende useme kwa Madame.

— Bon, nitasema.

— Lini?

— Rolande, uko unanichokesha! Nikisema wataanza kunichunguza, na mu septembre njo wanachagua nani atabakia na poste ya kufundisha. Tunyamaze tu, chérie. Nani atajua?

Ikajulikana. Kalenga alikuwa ameshasahihisha mtihani wangu, mwanafunzi mmoja akatuona sokoni Saint-Josse tumeshikana mikono tukichagua vitenge vya posa, akapeleka habari. Ndipo tukaitwa ofisini, na mchumba wangu akanigeuza kichaa anayewafukuzia walimu.

— Na wewe, mademoiselle, unasemaje? Madame aliniuliza.

Simu yangu ilijaa picha zetu. Ningeweza kuitoa. Lakini nimgombanie nani? Mtu anayenitemea mate nikiwa nimekaa karibu naye? Hapana jamani.

— Madame, naomba mtihani wangu apewe mwalimu mwingine asiyenijua, ausahihishe upya.

— Hilo litafanyika. Na habari ya huyu bwana?

— Jumamosi anakuja kwetu na wazee wake kuniposa. Jumatatu nitakuletea jibu.

Kalenga akacheka.

— Unaona, Madame? Si nilikwambia?

Sikuwa nimefika hata kituo cha metro, ujumbe ukaingia:

"Chérie usikasirike. Ile ilikuwa mambo ya kazi tu, juu ya faida yetu sisi wawili. Samedi niko nakuya na batonton. Nitavaa ile costume ya bleu unapendaka. Bisous."

Bisous! Eti mabusu! Nilijifuta shavu kana kwamba amenigusa kweli.

Ijumaa Madame akapiga simu mwenyewe.

— Mtihani wako umesahihishwa upya. Quatorze, kumi na nne juu ya ishirini. Umefaulu, mademoiselle.

Nilimshukuru, nikakaa chini, nikalia kidogo. Nyumbani sikumwambia mtu habari ya Kalenga. Kwetu Bukavu bia ya posa haifunguliwi mpaka binti aulizwe mbele ya wote kama anamjua mwanaume aliyekuja. Nilitaka niulizwe.

Jumamosi wakaja. Kalenga ndani ya suti yake ya bluu, ananukia manukato mlango mzima. Mjomba wake, Tonton Héritier, mzee mpole, alitangulia. Makreti ya bia yakapangwa katikati ya sebule. Mama yangu mkubwa, Maman Mignonne, alishanitoa chumbani kunionyesha, vigelegele viko tayari mdomoni. Baba yangu mdogo, Tonton Polycarpe, msemaji wetu, akasimama.

— Rolande, mutoto yetu, hawa wageni wanasema wamekuya juu yako. Huyu muntu, unamujua? Tufungue bière ao tuiache?

Kalenga akanikonyeza. Alinikonyeza!

— Ni mwalimu tu, tonton. Alinifundishaka mu ile kozi ya kiangazi.

Watu wakacheka wakidhani natania. Sikucheka.

— Unasema nini, mutoto yetu? Tonton Polycarpe aliuliza.

— Nasema simujue. Jumanne alisema mbele ya mukubwa wake kama mimi si muntu yake, kama niko namufuatafuata. Muulizeni.

Tonton Héritier akamgeukia mpwa wake polepole.

— Kalenga, ulisema vile?

— Tonton, donc... ilikuwa ku kazi. Ilikuwa juu ya poste...

— Ulisema ao hukusema?

— Nilisema.

Mzee wa watu akachukua kifungulio cha bia alichokuwa amekiweka mezani, akakirudisha mfukoni.

— Mutusamehe, Maman Mignonne. Aibu imetushika.

— Na pondu yangu ulikula! Maman Mignonne alimfokea Kalenga. Ukaomba na ingine! Toka!

Walibeba makreti yao kushuka nayo ngazi, chupa zikigongana. Kalenga alikuwa wa mwisho, jasho limeloanisha ule ukosi wa bluu.

— Rolande, tuongee hata kidogo. Mimi nakupenda!

— Ulisema hivyo kwa Madame?

Nikafunga mlango.

Jumatatu nilimpelekea Madame jibu lake kama nilivyoahidi: alikuja na wazee wake, nikamkataa. Nikamwonyesha na ule ujumbe. Aliusoma, akavua miwani.

— Dégoûtant, inatia kinyaa, alisema.

Akanyanyua simu kumwita Kalenga, nami nikateremka kwenda kujiandikisha mwaka wa mwisho.