Mkono Kwenye Sahani ya Mama Mkwe

Prado nyeusi ilipita Dutwa kwa kasi ya mia na hamsini. Nyuma yake ilikuja pikipiki ya Nyanjige, imejaa hasira kuliko petroli.

Ng'ombe kumi na wawili wakavuka barabara.

Akawaruka. Wote. Anayebisha akawaulize ng'ombe wenyewe.

Redio ya Motorola kifuani ikakoroma.

"Pamba Nne, uko wapi?" Alikuwa Dakta Justina, wodini Bariadi.

"Nawaona, Dakta. Wanaelekea Lamadi."

"Nimefungua chupa ya tano. Nimetia maji, imekuwa uji. Ni unga wa muhogo, Nyanjige. Wamebadilisha maboksi ya dawa njiani. Na Mboje ameanza degedege."

Nyanjige akaongeza mwendo. Aliuma meno mpaka taya likalia.

Mboje alikuwa jasusi mwenzake. Miezi mitatu walikuwa wakiwawinda pamoja hawa wezi wa dawa. Jana mchana, nyumbani kwake Mkula, alilalamika kichwa kinamuuma, mwili ukiwaka moto. Mara akainuka, akaenda kuketi ubavuni mwa mama mkwe wake, akatia mkono kwenye sahani ya mama wa watu.

"Nyamizi," akamwita kwa jina lake, "ongeza mboga."

Watu wakacheka. Kalewa huyo. Wengine wakasema ni malaria imepanda kichwani. Shemeji mmoja akaleta kamba, afungwe apelekwe kwa mganga.

Wapumbavu. Mtu asiyeonja hata togwa. Mtu ambaye kwa miaka kumi na tano, akimwona mama mkwe njiani, anajitosa kwenye shamba la pamba kwa heshima mpaka apite. Mtu mzima habadiliki hivyo kati ya chai na chakula cha mchana kama ubongo haujaguswa.

Nyanjige alimfunga mgongoni kwa khanga, akamkimbiza Bariadi kwa pikipiki.

Dakta Justina akapima malaria mara mbili. Hakuna. Sukari iko sawa. Akamchoma sindano kiunoni, akavuta maji ya uti wa mgongo. Usaha hamna, ila chembe nyeupe za damu zimejaa.

"Kirusi kimeingia kwenye ubongo," alisema. "Kipimo cha kukitaja jina kimekwenda Mwanza. Nikisubiri jibu, nitamzika. Dawa yake, asiklovia, naianza leo."

Ndipo ukatoka uji.

Sasa, nyuma ya Prado, Nyanjige akabonyeza saa yake. Waya wenye ndoano ukafyatuka, ukanasa tairi la nyuma. Prado ikazunguka mara tatu, ikalala shambani.

Marcelo, bosi wao, akatambaa nje na bastola.

"Dada, tuongee kiutu uzima. Hii ni dawa tu."

Teke la kwanza, bastola ikatua shamba la jirani. La pili, Marcelo akaifuata.

"Ndiyo," Nyanjige akasema. "Ni dawa tu."

Akamfunga pingu kwenye bampa, akawaachia polisi. Kwenye buti kulikuwa na maboksi arobaini, lakiri hazijaguswa.

Dawa ya kweli ikaingia mshipani kila baada ya saa nane. Siku ya sita, mama mkwe akachungulia wodini.

Mboje akageukia ukuta, akavuta shuka mpaka utosini, dripu ikayumba.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka humo ndani. "Naomba usikaribie."

"Marahaba, baba." Mama akageuza uso, akajifuta machozi kwa khanga.

"Huyo ndiye Mboje," Nyanjige akasema.

"Bado ana wiki mbili za sindano," Dakta Justina akajibu. "Na wewe unakwenda wapi na hizo chupa za muhogo?"

Nyanjige akavaa miwani ya jua.

"Mahabusu. Marcelo hajanywa uji."