Kopo la Pembe ya Mbali

Asubuhi ndege huja kabla ya jua kupata joto. Huja wengi, wadogo, wenye njaa. Hutua juu ya mpunga unaoanza kukaza punje. Kila mwenye shamba pale Idsowe analijua jambo hilo, na msimu huo watu hushinda mashambani wakiamia ndege. Wengine hupiga kelele. Wengine hurusha udongo kwa kombeo.

Jasper Komora alivuta kamba.

Alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililojengwa katikati ya shamba lake. Kutoka hapo zilitoka kamba ndefu, kila moja hadi pembe yake ya shamba. Mwishoni palining'inia makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Jasper akivuta, makopo yalilia na ndege wakaruka. Hakuhitaji hata kunyanyuka.

Mama yake, Florence, ndiye aliyefunga kamba hizo.

"Usishuke, mwanangu," alisema, akimpandishia uji na viazi vitamu. "Ukitaka kitu, niite."

"Hata maji ya kunywa nisishuke?"

"Maji nitakuletea."

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Huko sasa utajipeleka mwenyewe," Florence alijibu, na wote wawili wakacheka.

Florence alikuwa na sababu. Mwaka uliopita Jasper aliugua. Alilima shamba lake, akaingia mashamba ya jirani bila kuombwa. Hakulala. Aliongea haraka, akapanga mambo makubwa yasiyowezekana. Baadaye nguvu zote zilimwisha, akalala kitandani akiutazama ukuta. Hospitalini waliambiwa ni ugonjwa wa baipola. Alipewa dawa, na hali yake ikatulia. Tangu hapo mama yake hakumwacha ashike jembe.

Jumapili moja Jasper alivaa shati la kanisani. Vifungo vilikataa kufika. Alivuta tumbo ndani, akajaribu tena. Kifungo kimoja kiliruka, kikapotelea chini ya kitanda.

"Mama Valary," alimwambia mkewe, Christabel, "dawa hizi nazimwaga."

Christabel aliacha kumsuka binti yao. "Unasema nini?"

"Zinanifanya gunia. Nikitembea kidogo nahema. Kuanzia kesho simezi."

Christabel alikumbuka mwaka ule, jinsi walivyomtafuta mumewe hadi Tarasaa, wakamkuta kando ya barabara bila viatu, akiwahubiria watu asiowajua. Hakutaka kumpoteza tena. Lakini alijua pia kwamba kumfokea hakutasaidia.

"Baba Valary, mwili ni wako," alisema polepole. "Nakuomba kitu kimoja. Usiache kabla hatujaongea na Sista Hamdi. Ukimaliza kumsikia, uamue."

Jasper alilitazama shati lake. "Sawa. Nitaenda kumsikia."

Jumatatu walikuwa hospitalini Garsen, na Florence alifuata. Hamdi alikuwa muuguzi wa afya ya akili. Alimpima Jasper uzito na presha, kisha akavuta kiti karibu.

"Niambie siku yako. Asubuhi unafanya nini?"

"Navuta kamba."

"Mchana?"

"Nakula. Halafu navuta kamba."

"Na jioni?"

"Jioni ndege huwa wengi, sista. Navuta kamba sana."

Christabel alishindwa kuzuia kicheko. Hamdi naye alitabasamu.

"Ni kweli dawa yako huongeza njaa," alisema. "Hukuisingizia, na wewe si mvivu. Lakini ukiiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mimi na daktari tutaiangalia dawa pamoja na wewe. Usiikate peke yako. Kuna kitu kingine cha kukata."

"Kitu gani?"

"Kamba."

Florence aliinua kichwa. "Kamba nilifunga mimi, sista. Huyu aliugua akiwa analima. Nikajua kazi ndiyo iliyomvuruga."

Hamdi alimshika mkono. "Mama, ulifunga kwa mapenzi. Lakini kazi haikuleta ugonjwa. Ugonjwa ndio ulioleta kazi ile isiyo na kikomo. Baipola ni kama mto wetu. Mara unafurika, mara unapungua hadi mitumbwi inakwama. Dawa ni tuta la kuyazuia maji. Lakini mwili nao unataka kutembea. Kutembea husaidia moyo, uzito na usingizi, na mara nyingi hupunguza huzuni."

"Nianzeje?" Jasper aliuliza.

"Anza kidogo, saa ile ile kila siku. Tafuta mwenzako wa kutembea naye. Jua likiwa kali, pumzika kivulini unywe maji, maana kwa dawa zako mwili haupaswi kukauka. Siku ukiamka mzito, afadhali ufanye kidogo tu kuliko kuacha kabisa. Na siku ukijiona una nguvu za watu kumi na usingizi huutaki, usiongeze. Punguza, uje hapa."

Jasper alisema, "Sista, siku hiyo mimi hujiona mzima kuliko wote. Nitajuaje?"

"Huenda usijue. Mkeo atajua. Kubalianeni leo, ukiwa umetulia, atakuambia nini."

Jasper alimgeukia Christabel. "Kamba zikikatwa, nitaamia kwa kombeo. Ukiniambia 'nipe kombeo', nitakupa."

"Hata ukiwa umekasirika?"

"Hata nikiwa nimekasirika."

Kesho yake Florence alipanda dunguni na panga. Alizikata kamba zote mwenyewe. Makopo yalibaki pembeni, kila moja kwenye mti wake. Sasa aliyetaka kopo lilie alipaswa kulifuata.

Siku ya kwanza Jasper alifika kwenye kopo la karibu tu. Alihema, akashika magoti. Galgalo, jirani yao Muorma, alikuwa akipita na ng'ombe kwenye malka, njia ya mifugo kwenda mtoni.

"Jasper!" aliita. "Hata ng'ombe wangu mwenye mimba anakupita!"

"Ng'ombe wako hajawahi kuamia ndege!"

"Na wewe hujawahi kutoa maziwa!"

Galgalo alicheka, lakini alipunguza mwendo. Asubuhi iliyofuata alimsubiri. Walitembea pamoja hadi mtoni, wakibishana kama wali ni mtamu bila maziwa. Ikawa desturi yao. Kidogo kidogo Jasper alilifikia kopo la pili, kisha la tatu. Wiki chache baadaye alilipiga lile la pembe ya mbali, karibu na matete. Mlio wake ulifika hadi nyumbani.

Si kila siku ilikuwa nzuri. Asubuhi nyingine Jasper alijifunika shuka hadi usoni.

"Leo siwezi, Mama Valary."

"Hadi kopo la kwanza tu. Mimi nitakuwa kando yako."

Walikwenda, wakagonga mara moja, wakarudi. Siku hiyo ilitosha.

Mpunga ulipoanza kuwa wa manjano, Christabel aliona jambo jingine. Upande wa Jasper kitandani haukuwa umelaliwa, na kesho yake pia. Shambani alimkuta anakimbia kutoka kopo hadi kopo, kombeo mkononi, shati limelowa.

"Nitaamia mashamba yote ya Idsowe!" Jasper alisema, macho yanang'aa. "Nikimaliza nakwenda Kilelengwani! Hawa wengine wamelala tu! Niko mzima, Mama Valary, sijawahi kuwa mzima hivi!"

Christabel alinyoosha mkono.

"Baba Valary, nipe kombeo."

"Nini? Ndege hao, huwaoni?"

"Nipe kombeo."

"Wewe unanionea wivu! Nimepona, nyinyi mnataka nikae dunguni kama mtoto!"

Christabel hakuushusha mkono. Ndege walitua juu ya mpunga wakaanza kula, na yeye hakuwatazama. Alimtazama mumewe.

Jasper alizunguka. Alipiga teke bonge la udongo. Kisha akasimama, kifua kikipanda na kushuka.

"Nilisema hata nikikasirika?"

"Ulisema."

Alilivua kombeo mkononi, akampa.

Siku hiyo hiyo walikwenda Garsen. Daktari alirekebisha dawa. Jasper alipumzika, akalala vizuri tena, na Florence na Galgalo waliwafukuza ndege kwa zamu. Galgalo alilalamika kwamba ndege hawasikii Kiorma. Jasper aliporudi shambani, alianza upya na kopo la karibu.

Walivuna vizuri. Dungu lilivunjwa, miti yake ikawa kuni. Makopo yaliondolewa, isipokuwa moja.

Sasa asubuhi shamba ni mabua matupu. Florence hukaa jikoni, sufuria ya uji mbele yake, bila kuwasha moto. Husikiliza. Halafu, kutoka mbali, karibu na matete, kopo hulia mara moja.

"Kafika," humwambia Christabel, na kuwasha kuni.