Panya Pacha wa Tupokigwe

Mkono wa chuma uliingia kwenye kabati la kioo, ukachagua panya mmoja, ukamshika kiunoni taratibu kama mtu anayeshika yai. Sindano ikagusa mkia. Damu nzito, nyekundu ya kukaribia weusi, ikapanda kwenye mrija. Panya akarudishwa kwenye pamba zake, na mkono ukaenda kwa mwingine.

Ambokile alisimama nje ya kioo, kofia mkononi. Tangu msimu wa viazi alikuwa akiomba ruhusa ya kuingia maabara hii ya Mnara wa Kitulo, na sasa hakujua amtazame yupi.

"Wa kwetu ni yupi, mwanangu?"

"Yule mwenye pete ya kijani sikioni, baba," alijibu Sekela, msichana anayewatunza wale panya. "Huyo ndiye pacha wa mama Tupokigwe."

Panya pacha ni akili ya wakubwa wa mnara, nani mwingine angewaza hivyo? Mnara ule unapita mawingu mpaka kwenye hewa nyembamba, na vyombo vya angani hutia nanga huko. Walijaribu roboti wa kuchomelea vyuma, baridi ikawagandisha. Roboti ni ghali, binadamu wapo wengi. Basi mafundi wakachomwa sindano ya vinasaba. Mwilini mwa kila mtu kuna vichochezi vya damu: vinauamuru uboho wa mifupa utengeneze damu, ikitosha vinanyamaza. Vya sindano ile havinyamazi. Damu inazidi kuongezeka, hewa kidogo inatosha, fundi anachomelea juu ya mawingu bila barakoa. Na ili wakubwa waone mwisho wake, kila fundi akatengenezewa panya aliyegeuzwa vinasaba vivyo hivyo, akapandikizwa uboho wa fundi mwenyewe. Kwa hiyo damu iliyokuwa ikizunguka ndani ya yule mwenye pete ya kijani ilikuwa damu ya Tupokigwe, mke wa Ambokile, fundi aliyezikwa mwaka jana.

Ndicho alichokifuata. Kaburi alikuwa nalo. Alitaka kitu chenye joto, akae nacho nyumbani.

Tupokigwe alirudi zamu ya kwanza na viganja vyekundu, majirani wakamtania: "Mama, hina hiyo ya harusi ya nani?" Akacheka. Baadaye, kila akioga maji ya moto, mwili ukawa unamwasha. Anamgeuzia mumewe mgongo: "Nikune bwana! Unanipapasa nini, mtu mzima wewe? Kuna!" Ambokile anamkuna kwa gunzi la mahindi, wanacheka mpaka maji yanapoa. Kisha kichwa kikaanza kumgonga. Kisha miguu ikafa ganzi. Daktari wa mnara akampa vidonge, akasema ni uchovu. Asubuhi moja hakuamka. Mpaka leo maji yakimiminwa bafuni kwa jirani, Ambokile anageuka.

"Damu yote hiyo mnaipima?" aliuliza.

"Ya kupima ni tone tu, baba. Hii ni damu tunayowapunguza. Tusipowapunguza kila wiki inakuwa nzito kama uji wa ulezi, moyo unavimba kwa kuisukuma, miguu ya nyuma inapooza, halafu..."

Sekela akajikatiza, akaziba mdomo.

"Na mke wangu," Ambokile aliuliza, "nani alikuwa anampunguza?"

Daktari Nzigilwa, mkuu wa maabara, alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee wangu, fundi akipunguzwa damu hawezi kupanda mnara siku kadhaa. Ratiba haikuruhusu. Uamuzi ulitoka juu."

"Juu wapi? Aliyekuwa juu ni mke wangu."

Daktari akatazama viatu vyake. Ndivyo walivyo. Waulize habari za panya, watakusimulia mchana kutwa; waulize habari za mtu, wanatazama viatu.

"Utafiti umekwisha," alisema hatimaye. "Ijumaa wote watawekewa gesi wafe. Huyo wako mchukue, mzee. Sitasema."

Ambokile akanyoosha mikono, lakini Sekela hakumpa kwanza.

"Baba, itabidi umpunguze mwenyewe. Kila wiki, kwa sindano, mkiani. Ukimwonea huruma, umemuua. Mtoboe hapa nikuone."

Akamweka panya kiganjani mwa Ambokile. Alikuwa mwepesi kuliko kiazi cha mbegu, na moyo wake ulipiga mbio chini ya kidole gumba cha mkulima. Ambokile alikuwa amekuja kumtoa mikononi mwa watu wa sindano. Njia nzima alijiambia kwamba huyu hatachomwa tena na mtu.

"Siwezi, mwanangu."

"Basi mrudishe, baba."

Hakumrudisha. Alichukua sindano, akaushika mkia kwa vidole vinene, akachoma. Panya akalia. Tone likatoka, likafuatwa na jingine, yakateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono wake, ya moto.

"Tulia, mke wangu," alisema, daktari na msichana wakimsikia. "Tulia upumzike. Leo hupandi."