Jina la Yannick Kwenye Filamu Yangu

Jumamosi, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kwenye simu yangu, uso wa mama yangu unatokea ndani ya moshi wa samaki.

Ni filamu yangu! Iko kwenye huduma ya filamu za mtandaoni ambayo sijawahi kuipa hata picha moja.

Chini yake: "Filamu ya hapa. Mtengenezaji: Yannick."

Wengi wenu mnanijua: Annette wa Bunia. Yannick ni mpiga kamera wangu, mwaka wa nne sasa. Filamu ile tuliipiga Tchomia, kando ya ziwa, kwa mama, anakokausha samaki.

Mnajua pia agizo jipya la serikali: katika kila filamu mia, huduma hizo zionyeshe ishirini za hapa. Muda ulikuwa unakwisha, filamu hazitoshi, mawakala wao wanazunguka na fomu. Na anayeandikwa mtengenezaji ndiye anayeitwa kufanya filamu ya pili.

Kwa hiyo hilo halikuwa jina tu. Ilikuwa kazi yangu ijayo.

Nakala nilizozijua zilikuwa mbili. Moja kwangu. Moja kwa Yannick.

Hesabu ilikuwa rahisi mno...

Saa tano na robo niliweka picha yake hapa kwenye ukurasa wangu, na neno moja: MWIZI. Mlimtukana mara mia nne na kumi na mbili. Nilihesabu.

Saa sita alisimama mlangoni kwangu.

"Yaya Annette, dada yangu, toa ile picha. Mama yangu ameiona. Watu wa kwaya yangu wameiona!"

"Wiki mbili zilizopita ulikuwa Tchomia. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

"Ulienda kufanya nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Mwizi gani weye, hata uongo hujatayarisha!"

"Film yako iko na dakika ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Na ile ya kwa simu?"

Nikaangalia. Hamsini na mbili.

"Angalia dakika ya makumi tatu na moja. Kisha ujiulize nani aliomba ikatwe. Miye niliapa sitasema."

Akaondoka. Hakufunga mlango.

Kwenye nakala yangu, dakika ya thelathini na moja, mama analia. Anamlilia baba, ambaye ziwa halikumrudisha. Kwenye simu kilio hakipo. Mama anageuza samaki, basi.

Nikampigia mama.

"Mama, weye uko na ile film?"

"Eeh, iko kwa flash. Nilimuomba Yannick atoe pale ninalia, watu wa soko wasinione vile. Akaniletea. Usimukasirikie, ni miye nilimukataza kusema."

"Kuna mutu alikuja kuiomba?"

"Bwana mumoja na fomu. Alisema serikali inatafuta film za kwetu, imebaki siku mbili tu. Nikamupa. Nilitaka ushangae!"

Nilishangaa, wasomaji.

"Mama... alikuuliza nani aliitengeneza?"

"Aliuliza. Nikasema Yannick."

"Mama! Miye njo niliitengeneza!"

"Weye? Mutoto yangu, niliona na macho yangu mbili. Yannick njo alikamata kamera, siku kumi na moja, jasho inamutoka. Weye uliikala kwa kiti, unasema tu: 'Mama, rudia. Mama, rudia.' Unataka nidanganye serikali?"

Mama alisema alichokiona. Mimi niliandika nilichokidhani, nikakiita ushahidi.

Somo langu ni fupi: hesabu nakala zote kabla ya kumtaja mwizi. Matusi yale mia nne na kumi na mbili ni yangu, si yake. Yafuteni.

Saa saba na nusu niliondoa picha, kisha nikamwandikia wakala kwa namba aliyomwachia mama: naomba jina libadilishwe.

Saa saba na dakika hamsini, wakala alinijibu kwa maandishi. Jina linaweza kubadilishwa, lakini kwa sharti moja: aliyeandikwa kwenye fomu, yaani Yannick, aje kutia sahihi mwenyewe.

Saa nane na dakika tano nilimwandikia Yannick neno moja: "Nisamehe." Sahihi sikuitaja.

Saa nane na dakika tisa, amesoma. Hajajibu.